Pointi Arobaini na Nane

Printa ya ofisi yetu ya Lodwar ilikuwa na fonti zake yenyewe tumboni, na kwa miaka minne mtu pekee aliyezijua namba zake alikuwa mimi. Sijisifu. Hakuna mtu aliyegombea kazi hiyo.

Siku hizi watu wanadhani kila printa inafuata inachoambiwa na kompyuta. Yetu haikuwa hivyo. Ilikuwa printa ya leza ya zamani, nzito, yenye rangi ya meno ya mvuta sigara, tuliyoirithi kutoka Nairobi ofisi ya huko iliponunua mpya. Programu tuliyowekea rekodi za watu ilikuwa ya zamani pia. Ilituma maneno matupu, bila kusema yawe na sura gani wala ukubwa gani, na printa ikaamua yenyewe. Ukitaka kubadilisha herufi ulisimama mbele ya kidirisha chake kidogo, ukabonyeza menyu mpaka ukafika kwenye fonti, ukachagua namba, halafu ukachagua ukubwa, ambao huhesabiwa kwa pointi. Mwisho ulibonyeza kitufe cha kukubali na kungoja kinyota kitokee pembeni. Bila kinyota hujafanya kitu, hata ukibonyeza mpaka kidole kiote sugu.

Jambo jingine la kujua ni kwamba ile printa haikusahau. Ukiiwekea pointi ishirini leo, wiki ijayo bado iko ishirini, mpaka mtu airudishe. Ofisi ilitumia fonti namba nne, pointi kumi, herufi za kawaida za gazeti. Nilikuwa nimechapa ule ukurasa ambao printa hutoa ikiulizwa ina fonti gani, kila fonti na namba yake na mfano wake, nikaubandika ukutani juu ya mashine. Wenzangu walidhani ni pambo.

Nilifika Turkana kutoka milima ya Taita, ambako asubuhi huoni nyumba ya jirani kwa ukungu. Kazi ilikuwa ukarani katika shirika dogo lenye ofisi Lodwar na tawi Kakuma, huko kwenye kambi ya wakimbizi. Nilipanga chumba kimoja nyuma ya duka. Watu walikuwepo tele, na ni watu wazuri, lakini hakuna aliyenijua kabla ya siku aliyonisalimia. Wenzangu ofisini walizungumza Kiingereza wakiwa kazini na lugha za kwao wakitoka, na Ijumaa wengi walipanda magari. Jumapili nikitoka kanisani nilifua nguo, na kabla sijamaliza kuanika ya mwisho ile ya kwanza ilikuwa imekauka. Saa tisa mchana sikuwa na kitu kingine cha kufanya duniani. Jumapili moja nilienda ofisini kwa kisingizio cha faili, nikaiwasha printa ili nisikie tu kitu kikipata moto. Nilikuwa mpweke kiasi hicho, na ninasema wazi kwa sababu wakati ule sikumwambia mtu.

Niliyekuwa nikimwambia mambo alikuwa mama, na mama alikuwa ameanza kutosikia. Mwaka wangu wa kwanza tulizungumza kwa simu. Kisha akawa anasema "Haloo" mara sita, ananiombea Mungu na kukata. Kaka yangu anayekaa naye alijaribu kunisaidia, nikiandika ujumbe yeye anamshikia simu asome. Mama alikataa. Alisema maneno ya kwenye simu yanaondoka na mwenye simu, yeye anataka karatasi. Akiwa na karatasi anaweza kuisoma tena akiwa peke yake. Alifundishwa kusoma Kiswahili na walimu wa katekisimu akiwa msichana, na alijivunia sana kusoma kwake.

Kwa hiyo nikaanza kumwandikia, na kwa kuwa mwandiko wangu haufai, nikawa nachapa. Nilinunua rimu yangu mwenyewe ya karatasi safi, maana ofisini bosi alitaka tuchapie upande wa pili wa karatasi zilizokwisha kutumika. Ijumaa wenzangu wakienda kula, mimi nilichapa barua, nikaipeleka kwenye ofisi ya mabasi. Ilipita Kainuk na Kitale hadi Nairobi, ikabadilisha basi hadi Voi, na Jumatatu kaka akaipokea.

Barua za kwanza zilikuwa za pointi kumi na mbili, kurasa mbili zilizojaa. Nilimweleza kila kitu. Nilimweleza mto Turkwel unavyoonekana umekufa halafu unashuka siku ambayo mjini hakuna hata wingu. Nilimweleza wanawake wanaosuka vikapu kwa majani ya mkoma huku wanatembea, samaki waliokaushwa wanaonuka mpaka kwenye nguo zangu, na jinsi nilivyocheka kanisani peke yangu na watu wakageuka. Mama alijibu kwa penseli, kaka akanipigia picha na kunitumia.

Halafu siku moja barua yangu mwenyewe ikarudi, na mama alikuwa ameweka misalaba midogo ya penseli kwenye maneno. Hakueleza. Mama si mtu wa kulalamika. Nilikaa nayo muda mrefu ndipo nikaelewa kwamba ile misalaba ilikuwa juu ya maneno yaliyomshinda kuyaona.

Nikaenda kwenye kidirisha nikaweka pointi kumi na sita. Ilimtosha miezi michache, kisha misalaba ikarudi. Nikaweka ishirini, kisha ishirini na nane. Kaka aliniambia sasa anaipeleka barua dirishani, anaisogeza kwenye jicho la kushoto mpaka pua inagusa karatasi, na kuifuata neno kwa neno. Alisema pia kwamba kurasa mbili zinamchanganya, hajui ipi inatangulia. Kwa hiyo ikawa ukurasa mmoja tu.

Hapo ndipo nilipoanza kupungua. Herufi zikikua, maneno yanatoka, hakuna namna nyingine. Kwenye ishirini nilitoa vikapu na samaki. Kwenye ishirini na nane nilitoa kicheko cha kanisani na mambo yote ya ofisi. Kwenye thelathini na sita nilitoa salamu za majirani mmoja mmoja, kisha majina yote, kisha jina langu, kwa sababu mama alijua barua imetoka kwa nani. Kila nilipobonyeza kile kitufe nilijiuliza ni kitu gani cha maisha yangu ambacho mama anaweza kukikosa. Mwaka jana tulifika arobaini na nane. Herufi moja ilikuwa na urefu wa ukucha wa kidole gumba, na mstari ulichukua herufi kumi na nane, pamoja na nafasi. Barua yangu yote ikawa hivi:

MAMA,
MIMI NI MZIMA.
NAKULA VIZURI.
HUKU NI JUA TU.
SIJAKUSAHAU.
NIKIPATA RUHUSA
NAKUJA.
NIWEKEE KITANDA.
NI MIMI, MWANAO.

Maneno kumi na tisa. Nilikuwa nikibadilisha moja au mawili kila wiki ili asione ni ileile. La ruhusa sikulibadilisha. Miaka miwili nilimwandikia kwamba nikipata ruhusa nakuja, na miaka miwili sikuiomba. Niliogopa kusimama mlangoni kwetu, mama anitazame, kisha amuulize kaka huyu mgeni ni nani. Kwenye karatasi bado alikuwa ananiona.

Sasa nieleze kosa, ambalo lilikuwa langu peke yangu.

Kabla ya hapo niliwahi kusahau kuirudisha printa kwenye pointi kumi. Jumatatu yake orodha ya watu thelathini ikatoka kwenye kurasa kumi na moja, kila jina kama bango la mkutano wa hadhara. Bosi alizibeba kwa mikono miwili mpaka kwenye meza yangu. "Madam," akasema, "karatasi si majani." Tangu siku hiyo hofu yangu kubwa ilikuwa ile namba. Barua ikishatoka, kabla hata sijaichukua, nilirudisha kumi na kungoja kinyota.

Nina tabia nyingine. Barua ya mama siisomi ikishachapwa. Ile printa hutoa karatasi zikiwa zimelala kifudifudi, na mimi huichukua ya juu hivyohivyo, naikunja bila kuigeuza, naitia kwenye bahasha. Nikiisoma nalia, na sitaki kwenda kwenye ofisi ya mabasi na macho mekundu.

Ijumaa hiyo nilichapa kwanza orodha ya Kakuma, kurasa nne za majina ya watu walioitwa kuja kuhakiki rekodi zao. Kisha nikaweka arobaini na nane nikachapa barua. Nikiwa narudisha kumi, bosi akapita na kusema ukurasa wa mwisho wa orodha una kosa, niurudie. Nikautoa ule wenye kosa, nikaurekebisha kwenye kompyuta, nikautuma upya, karatasi zangu safi zikiwa bado kwenye trei. Ukatoka ukalala juu ya barua ya mama. Akili yangu yote ilikuwa kwenye kidirisha, kama kinyota kipo. Kilikuwepo. Nikachukua karatasi ya juu, nikaikunja, nikakimbia kabla ofisi ya mabasi haijafunga. Zilizobaki nilizitia kwenye bahasha ya khaki ya Kakuma jioni, zikiwa kifudifudi vilevile, nikiwa nimeridhika kwamba siku hiyo sijaharibu kitu.

Jumanne kaka akanitumia ujumbe. "Mama anauliza hawa ni akina nani, na kwa nini umemwandikia kwa herufi za siafu. Amekaa nayo dirishani tangu jana. Anasema kama umechoka kumwandikia, useme."

Nilisoma maneno hayo mara nyingi kuliko nilivyopaswa. Mama yangu, jicho kwenye karatasi siku mbili, anatafuta sauti yangu kati ya majina kumi na mawili ya watu wa Kakuma. Niliona uchungu ambao siwezi kuupamba. Nikamwandikia kaka amweleze kwamba ni kosa. Akajibu kwamba ameandika kwa makaa kwenye kibao, mama amesoma, na amesema, kosa gani hilo la kuandika majina ya watu usahau la mama yako.

Jumatano nikaweka printa kwenye arobaini na nane ili nichape nyingine. Nikaandika, nikafuta. Sasa nilitakiwa kueleza orodha, bosi, ukurasa wa mwisho na karatasi zilizolala kifudifudi, na hayo yote hayaenei kwenye mistari michache yenye herufi kumi na nane. Nilijaribu mpaka watu wakaanza kufunga madirisha. Mwishowe niliamua ninataka ileile barua yenyewe, nimpelekee aone ilikuwepo. Na ileile ilikuwa Kakuma.

Sikupiga simu. Ningemwambia nini mtu wa Kakuma, kwamba anitafutie karatasi ninayomwambia mama yangu sijamsahau? Alhamisi kulikuwa na gari. Niliuandika ule ukurasa wa nne kwa mkono, ili bosi asiulize kwa nini nauchapa tena, nikasema ninaupeleka kwa kuwa ulisahaulika, na hilo halikuwa uongo.

Nikapanda gari hilo hadi Kakuma. Dereva alijaribu habari za mvua akaniacha. Tulivuka laga, ile mito ya mchanga isiyo na maji, moja baada ya nyingine, mbuzi wakitupisha wanapotaka wao, na mimi nikipanga namna ya kuibandua karatasi ile bila mtu kuona.

Ubao wa matangazo wa tawi letu uko nje, ukutani kando ya lango, chini ya bati. Orodha ilikuwepo, ukurasa wa kwanza hadi wa tatu. Juu kabisa, mahali pa heshima, palikuwa na pini nne. Barua haikuwepo. Kwenye pini mbili za chini ilishikizwa karatasi ya daftari, imeandikwa kwa kalamu ya wino, herufi kubwa zilizotulia:

MUTOTO WANGU, NIMESOMA. KITANDA IKO. KUJA.

Nilisimama pale jua likinichoma kisogo. Mlinzi wa lango, mzee Mturkana ambaye nimemjua tangu nije, alinifuata na kiti chake kidogo mkononi.

"Ejok, madam."

"Ejok, mzee. Kulikuwa na karatasi hapa juu."

"Ile ya herufi kubwa? Mimi ndio naweka." Alifurahi kwamba nimeuliza. "Mimi sijui kusoma, lakini naona hii zingine ni kadogo kadogo, hii moja ni kubwa. Nikajua hii ni tangazo ya maana. Nikaweka juu kabisa, pini nne, upepo isibebe."

"Watu waliisoma?"

"Wote! Wanasoma, wananyamaza, wanaenda. Hata mkubwa wa hapa amesoma akarudi ndani. Mimi nauliza, imesema nini? Mmoja ananiambia, mzee, ni mtoto anatafuta mama. Sasa jana mama moja ya kambini, Mkongomani, amekuja ametoa, ameweka hii yake. Mimi nimekataza. Ananiambia ni yake."

Pale nikaelewa nilichokifanya. Kakuma watu hutafutana kwa karatasi. Kuna mbao zenye majina na ujumbe wa watu waliopoteana njiani, na wapo wanaozipitia kila siku kabla ya kwenda kuchota maji. Na mimi, pointi baada ya pointi, nilikuwa nimeiondolea barua yangu majina yote, mahali pote, kila kitu cha kuitambulisha, mpaka ikawa inaweza kuwa ya mtoto yeyote kwa mama yeyote. Mama mmoja alikuwa ameiamini. Sasa ilinibidi niende nikamwambie kwamba mtoto wake hajaandika.

Nilifikiria kurudi kwenye gari. Nisiseme uongo, nilifikiria sana. Lakini ile karatasi ya daftari ilisema kitanda iko, na kama ningeondoka angekitandika na kukitazama.

Mlinzi alijua anakokaa. Alinielekeza kwa bodaboda, na nikapelekwa kati ya nyumba za matofali ya udongo na bati, tukapita maduka ya Wasomali na foleni ya madumu kwenye bomba, mpaka mlango wenye pazia la kijani. Mwanamke wa makamo, mrefu, kitambaa kichwani, alikuwa anapembua maharage. Alinitazama beji ya kazi kifuani.

"Weye ndiye mwenye barua," akasema.

Niliitikia kwa kichwa.

"Ikala, mwana." Akanisogezea kiti, mwenyewe akabaki kwenye ndoo aliyoipindua. "Nilijua utakuja. Ile karatasi ni ya ofisi, mwenye kuiandika hawezi kuwa mbali."

Nikaanza maneno yangu niliyoyapanga kwenye bodaboda, kwamba nimekosa, kwamba ninaomba msamaha, kwamba barua ile haikuwa ya mtoto wake. Alinyanyua mkono wenye maharage.

"Mi najua haiko ya mutoto wangu. Wa kwangu hakusomaka. Hata jina yake hakujuaka kuandika. Tulipoteana iko na miaka tisa."

"Sasa mama, kwa nini uliichukua?"

Alipembua kidogo, akatupa jiwe nje ya mlango.

"Siku tatu nilikuwa napita pale kwenda kwa bomba. Siku tatu iko pale kwa jua. Batu banasoma, banaenda. Nikasema, huyu mutoto anaita mama yake mbele ya batu bote, na hakuna mama anaitika? Basi mi niliitika."

Nililia hapo, kwa sauti, mbele ya mtu niliyemjua kwa dakika kumi. Hakunizuia wala hakunipigapiga mgongo. Aliendelea na maharage yake mpaka nikamaliza, kisha akanipa chai kwenye kikombe cha bati. Nyuma yake, upande wa ukuta, palikuwa na kitanda chembamba kilichotandikwa shuka la maua, safi, ambacho ilionekana hakilaliwi. Nilimweleza juu ya mama, masikio na macho, na printa. Alisikiliza kila kitu, hata habari za kinyota.

"Na iyi ruhusa," akauliza, "unaiombaka kwa nani?"

"Kwa bosi."

"Alikatala?"

"Sijamwomba."

Hakukunja uso, lakini nilitamani angekunja.

"Mi," akasema, "kama kungekuwa na mutu wa kuomba ruhusa, ningekuwa nilishamuombaka zamani."

Akainuka, akaitoa barua chini ya mto wa kile kitanda, ndani ya mfuko wa plastiki, imenyooka bila mkunjo. Akaniwekea mapajani. "Usiitume. Uipeleke na mikono."

Nilirudi Lodwar na barua mbili, yangu na ile ya daftari, ambayo mlinzi alinibandulia baada ya kuniuliza kama nina hakika ni yangu. Nikamwambia nina hakika.

Ijumaa asubuhi niliandika ombi la ruhusa kwenye programu ileile, kwa kuwa ndiyo nilikuwa nimeizoea. Naomba ruhusa ya siku kumi na nne kwenda nyumbani kumwona mama yangu mzazi ambaye macho yanamfifia. Nikatuma. Printa ikaanza kutoa kurasa, wa kwanza, wa pili, ndipo nikakumbuka kwamba Jumatano niliiwekea arobaini na nane na sikuirudisha. Tangu siku hiyo hakuna aliyekuwa amechapa kitu, wote walikuwa wananingoja mimi. Bosi alikuwa amesimama karibu na mashine. Akazichukua, akazigeuza.

Nilingoja niambiwe karatasi si majani. Alisoma ukurasa wa kwanza, akausogeza mbali na uso, maana herufi zile huzisomi kwa karibu kama unaona vizuri. Akasoma wa pili.

"Madam, una miaka mingapi hapa?"

"Minne."

"Na hujawahi kuomba hata siku moja."

"Hapana."

Aliziweka juu ya printa, akatafuta kalamu mfukoni. "Sikujua una mama," akasema, akatia saini katikati ya herufi mbili, palipokuwa na nafasi.

Kabla ya kuondoka nilirudisha pointi kumi, na nikamwonyesha karani mwenzangu kila hatua, menyu, namba, ukubwa, kinyota. Alisema hakujua ni rahisi hivyo. Nikabandua ule ukurasa wa fonti ukutani nikampa.

Safari yenyewe haina hadithi. Nilifika kwetu siku ya tatu, asubuhi, kuna ukungu, miguu imevimba. Mama alikuwa jikoni, mdogo kuliko nilivyomwacha. Aligeuza uso kwenye mwanga wa mlango, na kilichoniogopesha miaka miwili kikatokea palepale. Alinitazama kama mtu anayetazama mlango tu. Kaka alitaka kumwambia, nikamzuia. Nikampa barua mkononi.

Akaijua kwa kuipapasa. Akaenda nayo dirishani, akaisogeza kwenye jicho la kushoto, akaanza neno la kwanza. Alipofika la mwisho hakuishusha. Alinyoosha mkono wa pili, akanishika sikio kama alivyokuwa akinishika nikiwa mtoto mtukutu, akanivuta mpaka dirishani. Akanishika mashavu kwa viganja vyote viwili, barua ikaanguka sakafuni, na akausogeza uso wangu karibu na jicho lake mpaka pua zetu zikagusana. Alinipitia taratibu, paji, macho, mashavu, kidevu, kisha akarudi juu akaanza tena.

"Umekonda," akasema, kwa ile sauti kubwa ya watu wasiosikia. "Na uliandika unakula vizuri."